Kupiga video isiyotikisika kwa kamera ya picha

Unapopiga video katika soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, ukiwa umeishika kamera ya picha mkononi, vaa mkanda wake shingoni na uisukume kamera mbele hadi mkanda ukaze, kwa kuwa mvutano huo, pamoja na viwiko vilivyobanwa mbavuni, hupunguza mtikisiko mdogo mdogo ambao lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, huukuza. Ni bora zaidi kutumia lenzi pana, inayoonyesha eneo kubwa, ya milimita 24 au 35, na kumsogelea muuzaji kwa ridhaa yake. Kwa fremu (picha) 25 kwa sekunde, weka kasi ya shata, yaani muda wa kuingiza mwanga kwa kila fremu, iwe 1/50 ya sekunde. Jua la mchana likizidi, tumia kichujio cheusi, kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga. Kutembea ndiko kugumu hasa: kunja magoti kidogo, ukitanguliza kisigino polepole.