Jinsi ya kuusoma mji wa Jáchymov kwa rula, penseli na karatasi: mwongozo kwa walimu na vikundi vya Uganda

Wabadilisha fedha wa Kampala huandika bei ya "dola" ubaoni kila asubuhi. Neno hilo chanzo chake ni bonde jembamba la Ucheki, karibu na mpaka wa Ujerumani, penye mji ambao leo wakazi wake hawafiki 3,000. Mji wenyewe ni Jáchymov. Kwa vipindi vitatu au vinne kikundi kinaweza kuuelewa vizuri, kikiwa na simu moja yenye bando, karatasi za A4, rula, penseli na gundi. Anzeni na ardhi, wafalme waje baadaye. Kila jambo kubwa lililoupata mji huu lilitoka chini ya miguu ya watu wake.

Majina yawekwe sawa kabla ya kuchora chochote. Tamka Ya-khi-mof: J ya Kicheki ni Y yetu, ch ni kh kama katika Khamisi, na v ya mwisho husikika f. Mpaka 1945 wakazi wengi walizungumza Kijerumani na kuuita Sankt Joachimsthal, Bonde la Mtakatifu Yoakimu. Ukitafuta intaneti kwa jina la Kicheki tu, maandishi mengi ya zamani yatakupita, kwa hiyo tafuta kwa yote mawili. Kosa jingine la kila mara ni kuandika "Ucheki, 1516". Wakati huo palikuwa na Ufalme wa Bohemia, ambao uliingia mikononi mwa ukoo wa kifalme wa Habsburg mwaka 1526. Chekoslovakia ilizaliwa 1918, Ujerumani ya Hitler ikalitwaa eneo hili 1938, likarudishwa 1945, na Jamhuri ya Cheki ikaanza tarehe 1 Januari 1993. Mtu angeweza kuishi chini ya serikali nne bila kuhama nyumba.

Sasa chora ardhi. Fungua ramani yenye mistari ya mwinuko, kwa mfano Mapy.com au OpenTopoMap, na uweke alama tatu: Ostrov chini bondeni (karibu mita 400 juu ya usawa wa bahari), Jáchymov katikati, na kilele cha Klínovec (mita 1,244), ambacho ndicho kirefu kuliko vyote katika milima ya Krušné hory. Ziunganishe kwa mstari wenye kona moja pale Jáchymov. Urefu wake ni kama kilomita 10. Laza karatasi ya A4. Kwa ulalo, sentimita 1 iwe mita 500. Kwa wima, sentimita 1 iwe mita 100. Mchoro utakuwa na upana wa sentimita 20 hivi na kimo cha sentimita 8 na nusu. Andika pembeni kwamba kimo kimekuzwa mara 5. Usipoandika, wanafunzi watadhani mlima umesimama kama ukuta, na maswali yote yatakayofuata yatapotoka.

Hapa pana jambo ambalo mwanafunzi wa Uganda hulikosea kuliko mwingine yeyote, na lina sababu. Klínovec una kimo kinachokaribiana na kile cha mitaa ya Kampala. Mtoto wa Kampala atasema basi hali ya hewa inafanana, kumbe huko huanguka theluji nzito wakati wa baridi. Kinacholeta tofauti ni latitudo: Jáchymov uko nyuzi 50 kaskazini. Onyesha kwa kijiti. Mwezi Machi, siku ambayo usiku na mchana vinalingana, jua la adhuhuri kwetu kwenye ikweta huwa utosini na kijiti hakina kivuli. Huko Jáchymov siku hiyohiyo jua hupanda nyuzi 40 tu (90 toa 50), na kijiti cha mita 1 hutupa kivuli cha karibu mita 1.2. Kaskazini namna hiyo, mita 1,244 ni baridi kali, kilimo ni kigumu, na mtu hapandi kuishi huko pasipo sababu.

Sababu ilikuwa fedha, ile ya madini. Mji ulianzishwa 1516 na makabaila wa ukoo wa Šlik. Miaka michache baadaye wakaanza kupiga sarafu kubwa za fedha zilizoitwa Joachimsthaler, jina likafupishwa likawa thaler, Waholanzi wakasema daalder, Waingereza dollar, nasi dola. Kufikia miaka ya 1530 mji ulikuwa na watu wapatao 18,000. Georgius Agricola, aliyeandika kitabu kikuu cha uchimbaji kilichochapishwa 1556, alikuwa daktari wa mji huo. Kisha mambo yakaharibika kwa pamoja: mawe yenye fedha ya karibu na uso wa ardhi yakaisha, vita vya dini vikaja, na fedha ya Marekani ya Kusini ikamiminika Ulaya baada ya mlima wa fedha wa Potosí (Bolivia ya leo) kugunduliwa 1545.

Tahadhari kuhusu sarafu. Huenda mtu akawaletea thaler ya Maria Theresa, iliyotumika sana Ethiopia na pwani ya Bahari ya Hindi. Ina uzito wa gramu 28 hivi na mwaka 1780 umeandikwa juu yake. Haikutoka Jáchymov, ilirithi jina tu. Wala mwaka ule si ushahidi wa umri, kwa sababu sarafu hiyo iliendelea kupigwa kwa muda mrefu sana ikibaki na 1780 ileile.

Chora mstari wa nyakati kutoka 1500 hadi 2020, sentimita 1 kwa miaka 10. Unahitaji sentimita 52, yaani A4 mbili zilizolazwa na kugundishwa zikipishana sentimita 2. Utaona mara moja kwamba matukio yanasongamana mahali pawili na kwingine pako tupu. Usiyabane kwa maandishi madogo. Kata vipande viwili vya kukuza, sentimita 1 kwa miaka 2: cha 1516–1550 kitakuwa sentimita 17, na cha 1938–1964 sentimita 13.

Katikati ya vipande hivyo weka jiwe jeusi zito ambalo wachimbaji wa fedha hawakulithamini. Ndani yake mna urani. Karne ya 19 ilitumika kutia rangi vioo na vyombo. Wanasayansi Marie na Pierre Curie walilichambua jiwe hilo, mwaka 1898 wakatangaza elementi mpya za poloniamu na radiamu, kisha wakaendelea kuchambua mabaki yaliyotupwa baada ya kutoa urani. Mwaka 1906 bafu za tiba zenye maji ya radoni (gesi yenye mionzi) zilifunguliwa, na maji ya mgodi wa Svornost yanatumika mpaka leo. Waeleze wanafunzi pande zote mbili: gesi ileile ya radoni, wachimbaji walipoivuta miaka mingi, iliwaletea saratani ya mapafu.

Kipande cha 1938–1964 ni kizito, kipeni kipindi kizima. Baada ya vita Wajerumani wa mji walifukuzwa, 1945 na 1946. Urani ikapelekwa Umoja wa Kisovyeti, na kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ya kikomunisti iliwachimbisha wafungwa wa kisiasa waliofungiwa kambini. Kambi za mwisho zilifungwa 1961, na uchimbaji wa urani ukakoma 1964. Msichore grafu ya idadi ya watu kwa kuunganisha 18,000 na 3,000 kwa mstari ulionyooka. Mstari huo ungeficha watu waliofukuzwa na wafungwa walioletwa kwa nguvu.

Mwisho, gundisheni chini yake mstari wa mgodi wa Kilembe, magharibi mwa Uganda, kwa kipimo kilekile. Shaba ilichimbwa huko kuanzia 1956, mwaka ambao reli ilifika Kasese, hadi 1982: miaka 26, sentimita 13, sawasawa na kipande cha juu. Chora mishale ya mahali mawe yalikokwenda, Kilembe hadi tanuri la Jinja, Jáchymov hadi Umoja wa Kisovyeti. Weka mafuriko ya mto Nyamwamba ya 2013 na 2020. Nafasi nyingine za baada ya 1982 ziacheni wazi, na wanafunzi wakawaulize wazee waliofanya kazi mgodini: uliingia mwaka gani, ulifanya kazi gani, ulitoka wapi, ulipotoka ulikwenda wapi. Jina la mzee liandikwe kwa ruhusa yake tu, na mwaka ambao hana hakika nao uandikwe kwa penseli.