Lipo ikikaa kabatini: jinsi ya kuihifadhi isivimbe na isiwashe nyumba

Watu wakiongelea hatari ya lipo, yaani betri za lithiamu polima, mawazo yote yanaenda kwenye kuchaji, na sawa, kuchaji kunataka macho, lakini betri nyingi za droni na magari ya rimoti haziharibikii hewani wala kwenye chaja, zinaharibikia kabatini. Unachaji zote usiku ukijua kesho unarusha, asubuhi mvua, wiki inayofuata kazi zimebana, mwezi unakatika betri zimejaa mpaka juu, siku ukizitoa moja imevimba na zilizobaki zinalegea ukikanyaga mafuta tu. Zote hizo zingepona kama zingeshushwa chaji kabla ya kuwekwa.

Namba ya kushika ya kuhifadhia, yaani ya stoo, ni volti 3.8 mpaka 3.85 kwa kila seli. Lipo ya kawaida iliyojaa ni 4.20 kwa seli, chini kabisa usivuke 3.0, kwa hiyo hiyo 3.8 ni kama nusu ya chaji hivi. Kwa betri nzima inakuwa 7.6 hadi 7.7 kwa 2S (yaani ya seli mbili), 11.4 hadi 11.55 kwa 3S, 15.2 hadi 15.4 kwa 4S, na 22.8 hadi 23.1 kwa 6S. Ziandike kwenye karatasi ubandike karibu na chaja, usitegemee kichwa. Zile zinazojazwa mpaka 4.35 usidhani na volti za stoo zinapanda kiasi hicho, angalia maelezo yaliyokuja na betri yenyewe.

Kwa nini katikati? Betri ikijaa, upande wa kathodi, yaani chanya, unakuwa na presha kubwa ya kikemikali na unaila elektroliti (kemikali inayopitisha chaji ndani) polepole, gesi inajitengeneza ndani, ndo huko kuvimba tunakokuona, na ukinzani wa ndani unapanda, yaani hata isipovimba nguvu yake inapungua na haiwezi kurudi. Joto linaharakisha yote hayo. Ukiiacha tupu nako kuna balaa jingine, ikishuka sana ile karatasi nyembamba ya shaba ndani ya seli inaanza kuyeyuka kwenye elektroliti, afu ukija kuichaji shaba inaganda mahali ambapo haikutakiwa iwe na inaweza kupiga shoti kwa ndani. Ndo maana betri iliyolala tupu miezi mimi siifufui, najua kuna watu wanaidanganya chaja kwa kuiweka modi ya kuchajia betri za nikeli mpaka volti zipande, tafadhali usifanye hivyo, unaweza kuona imepona kumbe umeingiza ndani kitu cha kuwaka moto wenyewe.

Sasa kuifikisha hapo. Chaja nyingi za hobi zina modi ya stoo, unachomeka waya mkubwa pamoja na ule mdogo wa balansi unaosoma na kusawazisha kila seli, unachagua idadi ya seli, chaja yenyewe inapandisha au inashusha mpaka namba ifike. Tatizo ni kwamba chaja ndogo zinashusha taratibu mno, nyingi zinatoa wati 5 mpaka 10 tu. Piga hesabu, 4S ya mAh 1500 ina kama watisaa 22, kutoka kujaa mpaka nusu unatakiwa utoe kama 10 au 11, kwa chaja ya wati 5 hiyo ni zaidi ya saa mbili kwa betri moja, na kama unazo sita jioni yote imeisha. Kwa hiyo dawa ya kweli ni kutochaji mapema, chaji asubuhi ya siku ya kurusha au usiku wa kuamkia, na ukirudi na betri ambazo hujazitumia zishushe usiku huohuo au kesho yake. Siku moja mbili zikiwa zimejaa haziui, wiki ndo inaanza kula. Kuna vifaa vya kushushia chaji vinavyojizima vyenyewe kwenye namba uliyoweka, ni vizuri kwa mwenye betri nyingi. Kuna wanaotumia balbu za gari, inafanya kazi ila balbu haijui kusimama, ukisahau inainyonya betri mpaka ifike sifuri, kwa hiyo kama huna cha kuizima ukae hapohapo na mita mkononi.

Na zile ulizozitumia? Ukitua usisome volti palepale, betri ikiwa na mzigo volti zinashuka na ikipumzika zinapanda tena, iache ipoe kabisa ndo upime. Ukijizoeza kutua ikiwa kama 3.7 kwa seli ya kupumzika, utabakiza kidogo tu cha kuongeza kufika namba ya stoo. Betri janja za droni, za DJI kwa mfano, zinajishusha zenyewe zikikaa siku kadhaa bila kuguswa, hizo zinakusaidia, ila bado zinapungua zikiachwa miezi kwa hiyo nazo zikaguliwe.

Kitu kinachoua betri kimyakimya ni kuiacha imechomekwa. Swichi ya gari la rimoti ikiwa ofu haimaanishi umeme umekatika kabisa, spidi kontrola (kifaa kinachoongoza kasi ya mota) bado inaweza kunyonya kidogo kidogo na wiki mbili tatu zinatosha kuimaliza. Kile kialamu kidogo cha kupiga kelele kinachochomekwa kwenye waya wa balansi nacho kinakula umeme, tena kinaweza kula seli moja zaidi ya nyingine, usikiache. Chomoa kila kitu, betri ikae peke yake.

Mahali pa kuweka. Hapa nitakaa kidogo maana ndo penye nyumba na watu. Mfuko wa lipo, ule wa kitambaa kinachostahimili moto, unapunguza ndimi za moto, lakini hauzuii moshi na hauwezi kubeba betri kumi zikiwaka kwa pamoja, mimi nauona kama tabaka la ndani tu, hautoshi peke yake. Tabaka la nje liwe sanduku la chuma, na hapa wengi wanakosea, sanduku la chuma la kuwekea risasi za bunduki lina mpira kwenye mfuniko unaoziba kabisa, utoe huo mpira au utoboe matundu, betri ikiwaka inatoa gesi nyingi kwa haraka na ikikosa pa kutokea sanduku linageuka bomu. Ndani ya sanduku weka kitu kisichopitisha umeme na kisichoshika moto haraka, ubao wa jasi unafaa, ili plagi zisiguse chuma. Usizijaze zote kwenye sanduku moja, zigawe. Liweke kwenye sakafu ya saruji au vigae, mbali na mapazia, kitanda, mafuta na makaratasi, na lisiwe njiani pa kutokea, maana likiwaka usiku hutaki moto ukae kati yako na mlango. King'amua moshi kiwe karibu, hicho ni kitu cha lazima kwangu.

Plagi zivalishe vifuniko, hasa zile za zamani zenye chuma kilicho wazi, na usichanganye betri na skrubu, funguo wala panga za droni kwenye begi moja. Lipo haina ganda gumu, kitu chenye ncha kinaitoboa kirahisi.

Joto: pawe pakavu na pa baridi ya kawaida, nyuzi 15 mpaka 25 ni raha kwake. Ndani ya gari lililofungwa juani joto linaweza kupita 60, usiiache humo hata kama unarudi sasa hivi. Friji inapunguza kasi ya kuzeeka, hilo ni kweli, ila unyevu unaojishika ukiitoa ni tatizo na mimi sitaki betri pamoja na chakula. Ikiwa kwenye 3.8 mahali pa kivuli inatosha sana. Ukitoka na betri kwenye baridi kali isubiri ipate joto la chumba, chini ya nyuzi 0 usichaji kabisa, lithiamu inajipaka kama metali juu ya anodi na hapo umeharibu kwa kudumu.

Kila betri iwe na namba na tarehe ya kununuliwa kwa kalamu ya wino usiofutika, na kila mwezi pima seli moja moja uandike. Zikipishana 0.01 au 0.02 ni kawaida. Unachotafuta ni seli inayoshuka peke yake wakati imekaa tu, mwezi huu 3.83, ujao 3.76, mwingine 3.65 huku wenzake hawajasogea, hiyo inavuja chaji kwa ndani, iondoe kwenye sanduku la wenzake leo leo.

Iliyovimba, iliyochanika au iliyoanguka vibaya haiingii ndani ya nyumba. Baada ya ajali iweke nje kwenye ardhi tupu mbali na vitu, isubiri saa kadhaa, nyingine zinakaa kimya kwanza afu ndo zinawaka, na usiirushe kwenye gari ukiwa na haraka ya kwenda. Usiitoboe kutoa gesi. Isiyochanika ishushe taratibu nje mpaka sifuri, funga ncha kwa utepe, peleka panapopokelewa betri chakavu, isiende kwenye taka za kawaida. Maji ya chumvi siyashauri, yanakula ncha za chuma kabla chaji haijatoka, unabaki na betri ina umeme ndani na huna pa kuushika.

Ikiwaka, watu watoke kwanza, moshi wake una haidrojeni floraidi na ni sumu. Mchanga unazuia moto kusambaa ila haumalizi, seli inajitengenezea oksijeni yake. Maji mengi yanafaa kwa sababu yanapoza, ule uoga kwamba lithiamu inalipuka kwenye maji ni wa metali tupu, lipo ni kitu kingine. Ila kama moshi umeshajaa chumbani usirudi na ndoo, funga mlango, ita zimamoto.

Siku ya kuirudisha kazini usikurupuke, ishike uone kama imelainika au imejaa upepo, pima seli zote, chaji kwa modi ya balansi kwa 1C, yaani ya 1500 ichajiwe kwa ampea 1.5, na wewe uwe chumba hichohicho. Katikati iguse, ikiwa ya moto wakati inachajiwa taratibu hivyo ichomoe uipeleke nje. Dakika mbili za kwanza hewani rusha chini na taratibu ukiangalia volti, ikidondoka ghafla tua.