Jinsi ya Kuchagua na Kutunza Jinzi ya Bei Kubwa kwa Kazi ya Nguvu

Anayenunua jinzi ya bei kubwa kwa ajili ya ujenzi, useremala au shamba na atazame kwanza uzito wa kitambaa, kabla ya kulisoma jina lililoshonwa kiunoni. Uzito huo huhesabiwa kwa aunsi katika kila yadi ya mraba. Dangirizi (kitambaa cha jinzi) ya aunsi 12 hadi 14, yaani takriban gramu 400 hadi 475 kwa mita ya mraba, inatosha kwa kazi nyingi. Wapenzi wa jinzi huzisifu za aunsi 21 na kuendelea, lakini fundi anayeshinda juani Mombasa au Dar es Salaam hazimfai: ni ngumu nyuma ya magoti anapochuchumaa, na zikilowa jasho huchelewa kukauka. Kwenye asubuhi za baridi za Njombe au Limuru, aunsi 14 ina maana zaidi.

Sehemu kubwa ya bei hulipia vitu visivyohusu kazi. Kitambaa kinachofumwa kwa mitambo ya zamani huko Kojima, Japani, ambacho ukingo wake hujifunga wenyewe pasipo kukatwa, kinapendeza kweli, ila ukingo ule hauliongezei goti nguvu hata kidogo. Fedha ifuate mshono. Suruali ya kazi inapaswa kuwa na mistari mitatu ya uzi kwenye mishono mikuu, msamba ulioimarishwa, na ikiwezekana magoti ya kitambaa maradufu, kama yale ya suruali za turubai za Carhartt, kampuni iliyoanzishwa Detroit mwaka 1889. Ribiti za shaba kwenye pembe za mifuko, ambazo Jacob Davis na Levi Strauss walizipatia hataza Marekani mwaka 1873, bado zinafanya kazi yake, ingawa zile za mifuko ya nyuma zilikwaruza viti na matandiko ya farasi kiasi kwamba mwaka 1937 Levi's walizifunika kwa kitambaa. Kwa anayezitafuta suruali hizi kwenye mitumba, Gikomba au Karume, ushauri ni kuinua msamba na magoti kwenye mwanga: panapopitisha nuru, kitambaa kimekwisha, hata kama rangi bado inang'aa.

Wakati wa kujaribu, mnunuzi achuchumae kabisa, kisha anyanyue mguu kama anayepanda ngazi. Kusimama mbele ya kioo hakutoshi. Kitambaa kibichi ambacho hakikutibiwa kiwandani kinaweza kurudi kwa karibu asilimia 10 kikifuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukata pindo.

Anayechomelea vyuma achague pamba tupu. Nyuzi za kunyumbuka zilizochanganywa katika jinzi nyingi za siku hizi huyeyuka kwa moto na zinaweza kunata kwenye ngozi. Pindo lisikunjwe kwa nje, ingawa wapenzi wa jinzi hupenda kuonyesha ukingo, kwa kuwa cheche hutua humo na kuendelea kuwaka pasipo kuonekana. Aproni ya ngozi inabaki kuwa ya lazima.

Jambo linalowatenganisha zaidi wapenzi wa jinzi na watu wa kazi ni kufua. Wale wa kwanza hukaa miezi bila kufua ili nili, yaani rangi ya buluu ya jinzi, ififie kwa michoro ya kuvutia, na kwa mtu wa ofisini hilo halina madhara makubwa. Kwa anayebeba mchanga ni hasara tupu, kwa sababu chembe zinazojificha kati ya nyuzi husaga pamba kila anapopiga hatua, hasa msambani ambako jasho nalo hukusanyika. Suruali ikung'utwe kila jioni, ifuliwe kila inapochafuka, ndani ikiwa nje, kwa maji baridi na sabuni isiyo kali, bila kusuguliwa magoti kwa brashi, kisha ianikwe kivulini. Ikilowa saruji mbichi, ivuliwe mara moja na ngozi ioshwe kwa maji mengi: saruji huunguza ngozi, na dangirizi nzito huishikilia hapo kwa muda mrefu.

Kiraka kitangulie tundu. Mara nyuzi nyeupe zinapoanza kujitokeza gotini, fundi cherehani aweke kipande kwa ndani na kukishona kwa mistari iliyokaribiana, akikipitisha eneo lililochakaa kwa vidole viwili kila upande, maana kiraka kilichoshikizwa kwenye kitambaa dhaifu huchanika pembeni. Kipande kizuri zaidi ni kile kilichokatwa pindoni suruali ilipofupishwa, kwani uzito wake unalingana na wa suruali yenyewe.