Shahada ya uzamili ya milki kwa aliyesoma fani nyingine: mwongozo kwa wahitimu wa Nyanda za Juu Kusini

Mtu aliyehitimu ualimu katika chuo cha Mkwawa, sheria katika Chuo Kikuu cha Iringa au uhandisi wa ujenzi pale Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST), akishaona jinsi fremu zinavyogombewa Mwanjelwa na jinsi mashamba ya parachichi yanavyotafutwa Njombe, huanza kujiuliza kama anaweza kuingia katika kazi za ardhi na majengo bila kurudi kusoma shahada ya kwanza upya. Anaweza, na njia yake ni shahada ya uzamili. Hata hivyo, wengi huanza safari hiyo kwa kutafuta chuo, ilhali kinachopaswa kutangulia ni kujua kazi unayotaka kuifanya ukishamaliza.

Neno milki limebeba kazi nyingi ndani yake. Yupo anayethamini mali, anayesimamia majengo ya kupangisha, anayeendeleza viwanja, anayechambua maombi ya mikopo ya nyumba katika benki, na anayeshughulikia hati na migogoro ya ardhi katika halmashauri. Kazi hizi haziingiliki kwa mlango mmoja. Uthamini umewekewa sheria yake mahususi, yaani Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, na anayetaka kusaini ripoti ya uthamini kwa jina lake ni lazima awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini. Kwa hiyo, kama uthamini ndiyo ndoto yako, andika barua kwa Bodi kabla hujalipa hata ada ya maombi ya chuo, ukitaja shahada yako ya kwanza na programu ya uzamili unayoikusudia, na uulize kama viwili hivyo vikiunganishwa vitakufikisha kwenye usajili. Barua hiyo haina gharama kubwa, nami naona ajabu kwamba wengi huandika wakiwa tayari wamevaa joho. Anayelenga usimamizi wa majengo, mikopo au uendelezaji ana uhuru zaidi wa kuchagua, kwa kuwa waajiri wa huko hutazama zaidi uwezo wa kupiga hesabu, kusoma mikataba na kuandika ripoti inayoeleweka.

Ukishajua unakokwenda, pima ulichonacho. Mwanasheria anakuja na mtaji mkubwa kuliko anavyodhani, maana sehemu nzito ya masomo ya milki ni sheria: Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inayomwezesha mtu kumiliki sehemu moja tu ndani ya ghorofa. Aliyesoma kilimo au misitu naye asijidharau katika ukanda huu wa chai na mbao za Mufindi, kwa sababu anayejua umri wa mpaini na mavuno ya mparachichi anaelewa nusu ya hoja pale fidia ya mazao inapobishaniwa. Mhandisi anajua gharama za ujenzi. Mwalimu wa jiografia anasoma ramani bila kuhangaika.

Kinachowasumbua wengi ni hesabu ya fedha inayohusisha muda, na hapa ningekushauri utumie miezi mitatu minne kujifunza kabla ya kuanza masomo. Chukua mfano wa jengo lenye fremu tatu, kila moja ikipangishwa kwa shilingi 350,000 kwa mwezi. Kwa mwaka jengo hilo linaingiza shilingi 12,600,000; ukitoa shilingi 600,000 za matengenezo na kodi za serikali, mwenye jengo anabaki na shilingi 12,000,000. Mnunuzi anayeridhika na faida ya asilimia 8 kwa mwaka atagawa kiasi hicho kwa 0.08 na kuona kuwa jengo linastahili shilingi 150,000,000, lakini anayedai asilimia 10, pengine kwa kuwa anaona eneo lina hatari ya kukosa wapangaji, atapata shilingi 120,000,000. Jengo ni lile lile na wapangaji ni wale wale, ila thamani imetofautiana kwa milioni 30 kutokana na maoni kuhusu hatari. Huo ndio moyo wa njia ya uthamini inayotegemea mapato, na nyingine utakazokutana nazo ni kulinganisha na mauzo ya jirani na kukadiria gharama ya kujenga upya kisha kutoa uchakavu. Ukiweza kueleza kwa maneno yako kwa nini shilingi milioni moja utakayoipata mwaka kesho, ukitumia riba ya asilimia 10, leo ina thamani ya takriban shilingi 909,000 tu, hutababaika darasani.

Kwa upande wa sheria, soma kwanza maandishi ya sheria zenyewe kabla ya kusoma muhtasari wa mtu mwingine. Hakikisha unaelewa mgawanyo wa ardhi ya jumla, ya kijiji na ya hifadhi, na kwa nini hatimiliki ya kawaida hutolewa kwa muda usiozidi miaka 99 ilhali mwanakijiji huweza kupewa hatimiliki ya kimila. Soma pia kanuni za mwaka 2001 za fidia kwa wanaotwaliwa ardhi. Ndani yake utakuta kwamba fidia haiishii kwenye bei ya soko ya ardhi na jengo, bali inagusa posho ya usumbufu, posho ya usafiri, faida iliyopotea na posho ya makazi inayokokotolewa kwa pango la miezi 36. Mtu aliyeshuhudia barabara ikipanuliwa na nyumba kuwekewa alama ya X atazielewa kanuni hizo upesi kuliko aliyezikuta darasani.

Sasa chuo. Kwa Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam ndicho chenye mizizi mirefu zaidi katika fani hii. Kilianza kama kituo cha mafunzo ya upimaji katika miaka ya 1950, kikawa Chuo cha Ardhi, kisha chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1996, na kupata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2007. Unaposoma mwongozo wake wa udahili, usiishie kwenye jina la programu. Tafuta sehemu ya sifa za waombaji uone kama fani yako imetajwa, na kama haikutajwa, uliza kwa maandishi ofisi inayoshughulikia masomo ya uzamili. Kwa kawaida vyuo vyetu hutaka shahada ya kwanza isiyopungua daraja la pili la chini, yaani wastani wa 2.7 kati ya 5.0. Aliyepata chini ya hapo afikirie kuanza na stashahada ya uzamili, ambayo kwake ni njia ndefu kidogo lakini ya uhakika.

Nje ya nchi, Uingereza ndiyo iliyoizoea zaidi njia hii. Vyuo vyake kadhaa, kikiwamo Chuo Kikuu cha Reading, vina shahada za uzamili zilizopangwa kwa ajili ya watu waliosoma fani nyingine, zikisomwa kwa mwaka mmoja wa muda wote na kutambuliwa na RICS, chama cha wataalamu wa ardhi na majengo kilichoanzishwa London mwaka 1868. Kutambuliwa huko kunamaanisha kwamba mhitimu anaruhusiwa kuanza mafunzo ya kazini yanayomfikisha kwenye uanachama kamili, na kwa asiye na uzoefu mafunzo hayo kwa kawaida huchukua miezi 24. Uanachama huo unaheshimika sana, lakini hauchukui nafasi ya usajili wa Bodi hapa nyumbani, na shahada ya nje utalazimika kuipeleka Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ili itambuliwe.

Ada ndipo penye kikwazo kikubwa. Bodi ya Mikopo huelekeza nguvu zake nyingi kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, hivyo usijenge mpango wako juu ya mkopo huo. Kwa Uingereza, ufadhili wa Chevening hulipa ada na gharama za kuishi, ila unadai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, sawa na takriban miaka miwili, na unakutaka urudi nyumbani kwa angalau miaka miwili baada ya masomo. Aliye kazini katika halmashauri au benki aombe ruhusa ya masomo mapema na kwa maandishi. Kwa atakayesoma Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mbeya, pango la chumba na nauli za kwenda na kurudi huweza kumtoa pumzi kuliko ada yenyewe. Dalali pekee huondoka na kodi ya mwezi mmoja, na wenye nyumba wengi hutaka miezi sita kwa mkupuo.

Katika barua ya maombi, waombaji wengi huandika kwamba wanaipenda sekta ya milki na kwamba nchi inakua. Maneno hayo hayamsaidii msomaji kukutofautisha na wengine. Chagua mtaa mmoja unaoufahamu, tuseme Mafiati hapa Mbeya au Miyomboni kule Iringa, uzunguke na daftari kwa miezi michache ukiandika fremu ipi imepangishwa kwa kiasi gani, ipi imekaa tupu kwa muda gani, na wapi wapangaji hudaiwa kilemba, yaani malipo ya kupewa nafasi yasiyo sehemu ya kodi, kabla ya kukabidhiwa funguo. Usiandike majina ya watu, na usimsukume anayekataa kujibu. Kurasa chache za takwimu ulizokusanya mwenyewe, zikiambatana na aya moja inayoeleza kwa nini fremu za kona hupangishwa ghali kuliko zilizo katikati ya safu, zitamwonyesha mhadhiri kwamba umeshaanza kazi. Daftari hilo litunze vizuri na uendelee kulijaza hata baada ya kudahiliwa, kwa kuwa utakapofika wakati wa kuchagua mada ya tasnifu, wenzako wakihangaika kutafuta pa kuanzia, wewe utakuwa na kumbukumbu za kodi za mwaka mzima au zaidi.