Kuchora wapenzi wawili kwa mtindo wa Beardsley

Mpwa wangu alitaka mchoro wa kadi ya harusi, "wa kizamani, wa Kiingereza". Nikamfungulia kazi za Aubrey Beardsley, mchoraji Mwingereza aliyefariki mwaka 1898 akiwa na miaka 25 tu. Tulifanya hivi.

1. Tafuta kalamu ya nibu, brashi ndogo, wino mweusi usiochuja na karatasi nzito iliyo laini. Tableti ya kuchorea siitaki, mstari wake una adabu mno.

2. Chora kwa penseli: miili mirefu, vichwa vidogo.

3. Sasa weusi, na hapa usiharakishe. Michoro ya Beardsley ilihamishiwa kwenye bamba la zinki kwa njia ya picha, kisha asidi ikala sehemu zote zisizo na mstari. Palibaki mstari mweusi au karatasi tupu, kijivu hakikuwezekana, kwa hiyo nawe usipake kivuli. Amua mapema nani awe mweusi tii na nani abaki mweupe. Bwana harusi wa suti nyeusi akisimama mbele ya pazia jeusi, mwachie uzi mweupe kumzunguka, la sivyo atamezwa.

Mpwa alitaka wabusiane. Nilikataa. Pua mbili zikigusana kwa wino mzito huwa kitu kimoja kisichoeleweka. Tazama mchoro uitwao The Climax, aliouchora kwa toleo la Kiingereza la 1894 la Salome, tamthilia ya mwandishi Oscar Wilde: Salome amekishika kichwa kilichokatwa cha Yohana Mbatizaji mbele ya uso wake, na shauku yote imo katika ule mwanya mweupe kati yao. (Si picha ya harusi, najua.) Kwenye A4 acha milimita 3 au 4. Ukizidisha, watakuwa kama abiria wawili wanaosubiri daladala. Ukipunguza mno, kumbuka mchoro ukipunguzwa kuwa kadi ya A6, mwanya huo utabaki nusu. Anza na nibu kwenye ukingo unaotazama mwanya, ndipo ujaze kwa brashi ukielekea nje. Wino mwingi hukauka juu huku chini bado mbichi, basi raba isiguse mpaka kesho yake.

4. Maua pembeni, machache.

5. Skani kwa nukta 600 kwa inchi, nyeusi na nyeupe tupu. Ukipeleka steshenari kuchapwa, mkatalie anayetaka "kukuboreshea" picha. Huanza kwa kulainisha kingo, na mwanya ndio wa kwanza kupotea.