Gari lako likikamatwa Marekani kwa kosa la uhamiaji: namna ya kulidai

Kifungu cha 1324, juzuu ya 8 ya sheria za Marekani, kinairuhusu serikali kukamata gari, chombo cha majini au ndege iliyotumika kuwaingiza, kuwasafirisha au kuwaficha wageni wasio na kibali, pamoja na fedha zilizotokana na kazi hiyo. Lakini kukamata si kutaifisha. Kati ya hatua hizo mbili ndipo mwenye mali ana nafasi yake, na wengi huipoteza kwa kuchelewa tu.

Kwa kawaida serikali inapaswa kukutumia barua ndani ya siku 60 tangu ilipokamata mali. Ukiifungua, tafuta kwanza tarehe ya mwisho ya kuwasilisha dai. Tarehe hiyo haiwezi kuwa chini ya siku 35 tangu barua ilipotumwa, na hesabu haianzii siku uliyoipokea. Bahasha iliyolala juu ya kabati wiki mbili imekwisha kula sehemu kubwa ya muda wako.

Barua itakupa njia kadhaa. Ombi la kusamehewa huacha uamuzi mikononi mwa idara ileile iliyokamata gari, ilhali dai huipeleka kesi mahakamani. Kama huna hatia, naona dai ndilo lenye nguvu. Eleza ni mali gani, una haki gani juu yake, kisha utie sahihi chini ya kiapo. Huhitaji kuweka dhamana ya fedha. Hakikisha limefika kabla ya tarehe ile, na utunze risiti. Baada ya hapo serikali ina siku 90 za kufungua kesi, la sivyo, kwa kawaida, irudishe mali.

Mahakamani, serikali ndiyo inayopaswa kuthibitisha kwamba gari lilitumika katika kosa, lakini kwamba hukujua, ni wewe utakayethibitisha. Tuseme ulimwazima shemeji yako gari aende kazini, naye akapakia watu mpakani: kadi ya gari yenye jina lako na ujumbe wa simu wa asubuhi ile vina uzito. Kama ulipata habari kabla ya gari kukamatwa, onyesha kwamba uliwaarifu polisi mapema na ukamnyang'anya ruhusa.

Ikiwa bila gari huwezi kufanya kazi, iombe idara ilitoe wakati kesi ikiendelea. Zikipita siku 15 bila kukubaliwa, peleka ombi hilo mahakamani.