Kuishi na Familia Ndani ya Nyumba Inayokarabatiwa

Familia nyingi za Dar es Salaam hazimudu kulipa kodi ya nyumba ya pili wakati yao inakarabatiwa, kwa hiyo hubaki humo humo, wakilala chumba kimoja huku mafundi wakibomoa kingine. Nasi tulibaki kwa miezi 5, watu wazima wawili, watoto watatu na mama mkwe anayetembea kwa mkongojo, wakati paa, vyoo na jiko vilipokuwa vikifanywa upya. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba utaratibu aliouzoea fundi ni wa nyumba isiyo na watu. Yeye hupenda kubomoa kila kitu kwa mkupuo mmoja, kwa sababu ndivyo kazi inavyokwenda haraka, ilhali wewe unahitaji, kila siku bila kukosa, choo kimoja kinachofanya kazi, chumba kimoja kisicho na vumbi na mahali pamoja pa kupikia. Mambo hayo matatu yaandikwe kwenye makubaliano kabla hujatoa malipo ya kwanza, na malipo ya kila hatua yafungamane nayo.

Anza na kalenda. Masika hunyesha kati ya Machi na Mei, vuli kati ya Oktoba na Desemba, na hivyo kazi ya paa inafaa ifanyike kati ya Juni na Septemba. Sisi tulichelewa kupata mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba bati, tukaezua wiki ya pili ya Oktoba, na usiku wa tatu mvua ilishuka. Turubai lilikuwa limefungwa upande mmoja tu. Magodoro matatu yalilowa, na mama mkwe tulimhamishia kwa jirani saa nane za usiku. Tangu siku ile tulishika sharti moja: haziezuliwi bati nyingi kuliko zile ambazo nafasi yake inaweza kufunikwa jioni hiyo hiyo, na turubai linakuwapo nyumbani, limepimwa na kamba zake zote, kabla fundi hajapanda juu.

Choo ndicho kitakachoamua kama mnaweza kubaki au la. Kama nyumba ina choo kimoja tu, jenga kwanza kingine, hata kama ni cha nje chenye kuta za mabati, na ukitumie kwa siku kadhaa kabla cha ndani hakijaguswa. Usikubali ahadi kwamba kitakamilika jioni. Kwetu mazungumzo na fundi yalikuwa hivi, yeye akianza:

“Shikamoo mama. Leo tunaanza kubomoa choo cha ndani.”

“Marahaba, baba. Cha nje kimeshaunganishwa na shimo?”

“Bado kidogo tu, chemba haijakauka.”

“Basi cha ndani kisubiri. Leo malizieni korido.”

Alikubali bila ugomvi, kwa kuwa jambo hilo tulikuwa tumeliandika. Kama shimo nalo linajengwa upya, kumbuka kwamba zege la mfuniko huhitaji kumwagiwa maji kwa muda usiopungua siku 7, na nguvu yake iliyokusudiwa huhesabiwa kuwa imefikiwa baada ya siku 28. Juu linaweza kuonekana gumu kama jiwe baada ya siku mbili, na hapo ndipo watoto huanza kulikimbilia. Liwekee uzio wa mbao na misumari, kwa sababu kamba mtoto huipita chini.

Maji yanahitaji hesabu. Mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 huchukua takriban lita 25 hadi 30 za maji wakati wa kuchanganya zege, kwa hiyo siku ambayo mafundi wanatumia mifuko 20, lita 500 au zaidi zimeondoka, bila kuhesabu maji ya kumwagilia na ya kuoshea karai na makoleo. Familia yenye tanki la lita 1,000 hujikuta haina maji ya kuoga wala ya kupikia, huku bomba la mtaa likiwa halitoki. Wawekee mafundi mapipa yao, yajazwe kwa maji yao, na koki ya tanki la nyumbani ifungwe kwa kufuli. Maji ya kunywa yakae ndani ya chumba cha kulala, kwenye ndoo zenye vifuniko.

Sasa vumbi, ambalo watu wengi hulidharau. Siku ya kwanza ya kukata vigae nilifungua kopo la chumvi lililokuwa ndani ya kabati, na kabati lenyewe lilikuwa limefungwa, nikakuta utando wa kijivu umetanda juu ya chumvi, laini kama unga wa ngano. Kama lilifika humo, lilikuwa pia kwenye mapafu ya watoto. Vumbi la zege na vigae lina chembe za silika, nazo hudhuru mapafu, hasa ya mwenye pumu, mtoto mchanga na mzee. Chagua chumba kilicho mbali kabisa na kazi, ikiwezekana chenye mlango wa kutokea nje, kiwe ndicho cha kulala wote. Kwenye korido tundika karatasi mbili za nailoni kutoka darini hadi sakafuni, zipandane katikati, ili mtu apite kati yake na zijifunge nyuma yake. Mlangoni tulitundika kanga iliyolowekwa na kukamuliwa, na kila jioni ilipofuliwa beseni liligeuka rangi ya saruji. Grinda ikatie nje, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda uwanjani, na kigae kimwagiwe maji kinapokatwa. Jioni nyunyiza maji kwanza ndipo ufagie, kwani kufagia vikavu ni kulirudisha vumbi hewani. Ndala za nje ziishie mlangoni, na watoto wasikanyage saruji mbichi pekupeku, maana huunguza ngozi.

Kupika kuhamie barazani. Mtungi wa gesi ukae mbali na grinda na mashine ya kuchomelea, kwa sababu cheche huruka mbali kuliko unavyodhani, na siku ya kuchomelea madirisha chakula kipikwe kabla mafundi hawajafika. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani hata kama mvua inanyesha. Nyumba iliyozibwa kwa nailoni haina pa kutolea hewa, na moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

Kuhusu umeme nitasema machache. Kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Sehemu inayojengwa itenganishwe kwenye swichi kuu na sehemu mnayoishi. Nyaya zinazoning’inia zifungwe ncha zake kila jioni kabla mafundi hawajaondoka. Mkubaliane pia mapema nani ananunua uniti za LUKU, yaani umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, kwa sababu mashine ya kuchomelea huzila kwa kasi.

Zipo siku ambazo kubaki nyumbani ni kosa, na afadhali zijulikane mapema ili ndugu wa kuwapokea waombwe kwa wakati. Siku za kupulizia dawa ya mchwa, ondokeni wote, na mrudi baada ya muda ulioandikwa kwenye chupa ya dawa. Siku za rangi ya mafuta, watoto na wazee walale kwingine hadi harufu iishe. Zaidi ya yote, kama paa la zamani ni la asbesto, kama zilivyo nyumba kadhaa za miaka mingi mjini, familia isiwepo kabisa linapoondolewa. Karatasi zake zilowanishwe, zishushwe nzima nzima, zisikatwe, zisipasuliwe wala kufagiwa zikiwa kavu, kwa sababu nyuzi zake hazionekani kwa macho na maradhi yake hujitokeza baada ya miaka mingi. Nimeona watu wakizigeuza kuwa banda la kuku. Naomba sana usifanye hivyo; uliza halmashauri yako mahali pa kuzipeleka.

Kwa upande wa watu, andika majina na namba za simu za mafundi na vibarua wote, mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na uwaeleze majirani saa za kelele. Vyeti, hati ya nyumba na dhahabu vipelekwe kwa ndugu unayemwamini. Acha pia sehemu moja ya uwanja isiwekwe mchanga wala kokoto. Msiba haupigi hodi. Kwetu ulitufika mwezi wa tatu, na sehemu ile ndiyo iliyotandikwa mikeka.

Mafundi wakimaliza, msihamie vyumba vipya siku hiyo hiyo. Funga sumaku kwenye fimbo, upite uwanja mzima ukiokota misumari ya bati la zamani, na urudie baada ya mvua ya kwanza, kwa sababu mingine hufukuliwa na maji. Kisha fungua tanki na umwage maji yote. Chini utakuta tope la kijivu lililotulia. Lisuguliwe kwa brashi, litolewe kwa ndoo, tanki lisuuzwe mara mbili, ndipo maji ya kunywa yarudi humo.